Dago: Historia ya Kambi za Wavuvi na Mlo wa Pwani

Dago ni kambi ya muda ya wavuvi walioondoka kwao kufuata samaki. Hupigwa kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, kwenye fungu la mchanga au pembezoni mwa kijiji cha wenyeji, na hudumu wiki chache au miezi kadhaa. Vibanda ni vya miti na makuti, maji ya kunywa huletwa kwa madumu, na kando ya vibanda husimama chanja za kukaushia samaki. Kutoka visiwa vya Lamu hadi Mtwara, samaki wengi waliolisha miji ya pwani wamepitia katika kambi za namna hii.

Safari zenyewe hupangwa kwa pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na vyombo vidogo huweza kutoka nje ya miamba kufuata nguru na jodari. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba au zaidi, mawimbi huwa makubwa upande wa mashariki wa visiwa, na wavuvi hujibanza ndani ya miamba au huhamia upande uliokingwa na upepo. Ndani ya kila msimu mwezi nao una amri yake. Bamvua, maji yanapokupwa sana, hufunua miamba na kuwapa nafasi watafutaji wa pweza, wengi wao wanawake. Usiku wa giza ni wa dagaa, kwa kuwa dagaa huvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika, hushona nyavu au huenda makwao kuona watoto.

Uvuvi wa pwani hii una ushahidi mkongwe. Periplus ya Bahari ya Erythraea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu hukifananisha na Unguja, Pemba au Mafia. Watu wake walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya kushonwa, wakatega kwa vikapu vya kusuka kwenye mikondo kati ya miamba. Dema, mtego wa kikapu wa leo, halijaenda mbali na ufundi huo. Hata hivyo, bahari kuu haikuzoeleka mara moja. Mifupa ya samaki iliyochimbuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, na kwenye magofu mengine ya Waswahili, inaonyesha kwamba katika karne za mwanzo watu walikula zaidi samaki wa karibu na pwani; samaki wa maji marefu huanza kuongezeka baada ya mwaka 1000 hivi. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula kikuu cha wenyeji ni ndizi na samaki. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli pamoja na vitoweo, samaki wakiwamo, na pembeni yake achari ya ndimu na pilipili. Sinia hiyo ingeletwa leo mbele ya mtu wa Lamu au wa Unguja, angekula bila kuuliza.

Katika historia ya dago, hakuna waliojulikana kuliko Wakojani. Kojani ni kisiwa kidogo mashariki mwa Pemba, chenye watu wengi na ardhi haba ya kulima. Bahari ndiyo shamba la watu wake, na wavuvi wake wamelifuata hadi Tanga, Mafia, Kilwa na pwani ya Kenya. Husafiri kwa mashua kubwa zenye watu ishirini na zaidi. Uvuvi wao maarufu ni wa wavu mpana unaotandazwa majini huku waogeleaji wakiwaswaga samaki waingie, kazi inayodai pumzi, nguvu na watu wanaosikilizana. Nahodha huamua pa kuvua na siku ya kuhama. Mapato yakipatikana, hutolewa kwanza gharama za chakula na mafuta. Kinachobaki hugawanywa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya watu. Tajiri mwenye chombo huenda hajawahi kulala dagoni hata usiku mmoja, lakini fungu lake humfika.

Kabla ya barafu, tatizo la dago lilikuwa moja: samaki huoza. Ndiyo maana chumvi, jua na moshi vilitawala kambi. Papa na taa walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Ng'onda waliopatikana hivyo walivumilia safari ndefu hadi bara. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Uarabuni nayo yaliteremsha papa wakavu na chumvi Mombasa na Unguja, na ladha hiyo bado haijatoka katika mchuzi wa nazi wa pwani. Dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa hadi leo, na shehena nyingi za dagaa wa Zanzibar huishia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nyavu za nailoni, mashine za kupachika na barafu viliigeuza kazi hii katika nusu ya pili ya karne ya 20. Chombo kiliweza kwenda mbali zaidi, na samaki wakafika mjini wakiwa wabichi. Ulaji wa barazani ukapanuka pamoja nao. Bustani ya Forodhani, mbele ya bahari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilitengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub. Baadaye jioni zake zikawa za wachomaji wa pweza, ngisi na mishikaki ya samaki, wauza urojo na wakamuaji wa miwa; bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Dar es Salaam, soko la Feri linaunganisha mnada wa alfajiri na karai la mafuta: samaki hunadiwa, huparwa, hukaangwa na kuliwa hapo hapo kwa ugali. Pwani ya Kenya, akina mama karanga hununua samaki wadogo ufukweni na kuwakaanga kando ya njia. Jioni mitaani huuzwa supu ya pweza kwa vikombe. Hakuna mlo wa pwani ulio wa haki kuliko huu, maana mpagazi na mwenye duka husimama mbele ya karai moja.

Ulaji ulipokua, miamba ilianza kuelemewa. Pweza alianza kununuliwa pia kwa ajili ya viwanda vinavyomgandisha na kumpeleka Ulaya, na bei ikawavuta wengi dagoni. Mafia ilipata hifadhi ya bahari mwaka 1995, ya kwanza Tanzania; Ghuba ya Menai, Unguja, ikawekwa chini ya uhifadhi mwaka 1997. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza, ambaye hukua haraka, apate uzito kabla ya kuvuliwa. Mgeni wa dago, ambaye zamani alipiga hodi kwa wazee wa kijiji, sasa huhitaji pia kibali cha kamati ya wavuvi.

Mipaka ya nchi ilileta ugumu mwingine. Hadi Desemba 1963 ukanda wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, hivyo Mpemba aliyepiga dago Vanga au Shimoni alibaki chini ya bendera ileile. Wengi walioa, wakazaa na hawakurudi. Baada ya uhuru, watoto na wajukuu wao walijikuta hawana kitambulisho cha nchi yoyote, na bila kitambulisho hawakuweza kupata leseni ya kuvua. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho.