Difu Huvuma, Boliti Hugoma

Ukitaka kujua kama Kiswahili kimelimiliki neno la kigeni au kimeliazima tu, usihangaike na tahajia yake. Tazama vitenzi vinavyokaa nalo. Difu, kwa mfano, yaani “differential” ya Kiingereza, ni neno lililotufikia pamoja na magari, likaacha silabi zake za nyuma njiani, likaingia gereji likiwa jepesi la kutamkika hata kwa mtu aliyelala chalichali chini ya Prado huku oili ikimdondokea. Leo difu inavuma, inagonga, inasaga, inatoka jasho, inakufa. Vitenzi hivyo vyote ni vyetu tangu kabla gari la kwanza halijateremshwa bandarini.

Navipenda mno vitenzi hivyo, kwa sababu ndimo utambuzi wa ugonjwa ulimo. Fundi mwenye masikio hamwulizi mteja kama difu ni mbovu, humwuliza inafanyaje. Ikivuma unapokanyaga mafuta na kubadili sauti unapoachia, atashuku meno ya krauni na pinioni, gia mbili za ndani zinazoshikana. Ikivuma vilevile mguu uwe popote, lakini mlio ukageuka unapokata kona, huenda difu haina kosa na mgonjwa ni beringi ya gurudumu. Ikigonga mara moja unapoingiza gia, nafasi kati ya meno imezidi, au krosi ya propela imelegea. Ikisaga, beringi za ndani zimekwisha. Mtu anayeandika “kelele isiyo ya kawaida” kwa hali zote hizo amempokonya fundi nusu ya taarifa aliyoihitaji, na mwenye gari atalipia kushushwa kwa kifaa kizima.

Oili nayo ina maneno yake. Boliti ya kumwagia oili ya difu mara nyingi huwa na sumaku, na kinachonasa hapo ni unga, chenga au vipande. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chenga, neno lile lile la mchele uliokatikakatika, ni dalili kwamba uso wa meno umeanza kubanduka. Vipande maana yake jino limevunjika, na hapo hakuna cha kumwaga oili na kujaza nyingine. (Kabla ya kumwaga, fundi mwangalifu hulegeza kwanza boliti ya kujazia. Hiyo ikigoma wakati oili imeshamwagika, gari limelala pale pale.)

Kazi ya difu yenyewe inaelezeka upesi. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yameachana kwa mita 1.5. Likikata kona ya nyuzi 90, gurudumu la nje hutembea takriban mita 2.36 zaidi ya lile la ndani, kona iwe pana au ya kubana. Lazima kuwe na kifaa cha kuyaruhusu yasilingane, ama sivyo moja litaburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, alikipatia hataza kifaa cha namna hiyo katika miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Mpenda tafsiri angeweza kukiita kitofautisha-mwendo, na asingekosea. Mimi nisingempigia kura. Jina hilo linaeleza vizuri ubaoni, lakini gereji imeshachagua, na chaguo lake limejengewa nyumba ya vitenzi, na kitofautisha-mwendo kitabisha hodi mlangoni pake miaka mingi.

Neno ninalotaka liingie gereji ni uwiano. Mtu anafika Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mtaa ambao wengi bado wanauita Grogan, anaomba “difu ya nyuma ya Prado”. Haitoshi. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 hutoa uwiano wa 4.10. Meno 43 kwa 11 hutoa 3.909. Kwa nje difu hizo mbili hufanana. Ukifunga ya nyuma isiyolingana na ya mbele, siku utakayounganisha magurudumu yote manne kwenye lami kavu, difu mbili zitavutana, moja ikitaka kwenda kasi kuliko nyingine, mpaka kitu kivunjike. Kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne muda wote, madhara huanza siku hiyo hiyo. Muuza spea anayejua kazi huuliza idadi ya meno, au husoma msimbo wa ekseli kwenye kibati cha gari. Krauni na pinioni huuzwa pea kwa sababu kiwandani zimesagwa pamoja mpaka meno yakazoeana. Kununua krauni mpya ukabakiza pinioni ya zamani ni kununua kelele.

Kisha huja kazi ya kushusha difu, na hapo ndipo kutu hujitambulisha. Ekseli za pembeni lazima zivutwe nje kwanza ndipo kichwa cha difu kitoke, na kabla ya hapo kuna boliti. Boliti hugoma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hujikaza ndani ya tundu na kuibana boliti pande zote. Ukizidisha nguvu inakatika shingo. Hata nyumba ya difu yenyewe huliwa. Mgongo wake wa bati hupungua unene taratibu, ukaanza kutoka jasho la oili, na mtu akadhani sili imekwisha.

Magari mengi kama Prado yametufikia kutoka Japani, na yaliyotumika Hokkaido au Tohoku yamepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Karatasi za mnada za Kijapani hutenganisha mambo mawili ambayo mnunuzi wetu huyaita yote kutu. Herufi S ni ya sabi, kutu ya kawaida. Herufi C ni ya kile wanachokiita fushoku, neno linaloandikwa kwa alama mbili, ya kuoza na ya kula. Nilifurahi sana kulijua hilo, maana mafundi wetu walishafika huko bila karatasi. Kwao chuma hushika kutu, kisha huliwa, kisha huoza. Kilichoshika kutu hutosheka na brashi ya waya. Kilicholiwa kimepungua unene, na ukikigonga kwa nyundo hakilii tena ngaa. Kilichooza bisibisi inazama ndani. Cha kwanza hupakwa rangi, cha pili hupimwa kwa makini, cha tatu hukatwa na kuchomelewa chuma kipya. Natamani maneno hayo matatu yaandikwe kwenye kila makubaliano ya kuuziana gari, badala ya “ina kutu kidogo”.

Kinachonisikitisha ni jina la dawa. Vitenzi vya kutu tunavyo, lakini kinachopakwa chini ya gari tunakiita andakoti, au “ile nyeusi”. Pwani yetu imekinga matumbo ya vyombo dhidi ya maji ya chumvi kwa karne nyingi, na ina neno kamili: deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa nje ya chombo, sehemu inayozama. Chombo hupwelewa, hukwanguliwa, hukaushwa, ndipo hupigwa deheni. Utaratibu huo ndio hasa chesisi inaoudai: kuoshwa kwa maji matamu, kukwanguliwa mpaka chuma king'ae, kukaushwa, kupakwa rangi ya msingi yenye zinki, mwisho ile nyeusi. Anayepaka nyeusi juu ya kutu yenye unyevu ameufungia unyevu ndani, na chuma kitaoza kwa siri. Neno andakoti halimkumbushi mtu hatua yoyote. Deheni inakuja na mpangilio wake wote mgongoni, ndiyo maana naitaka gerejini.

Nalitaka pia neno ngama. Ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapojikusanya. Chesisi ya gari kama Prado ni boriti yenye uvungu, nayo ina ngama yake, isiyoonekana kwa mtu anayechungulia kwa tochi, ambamo matope na chumvi hutulia karibu na ekseli ya nyuma. Chesisi nyingi huoza kuanzia humo kuja nje. Fundi akitaka kuifikia, huzibua kwanza vitundu vya kutolea maji kwa waya, huingiza mpira mwembamba wa maji na kusafisha mpaka yatoke meupe, huacha ikauke kabisa, kisha hupuliza nta ya maji kwa kompresa kupitia mpira mrefu, akiuvuta nyuma polepole, hadi nta ianze kudondoka kwenye kila kitundu.