Kutoka butura hadi vitabu vya benki: Kagera na historia ya bei ya haki

Mkulima wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, aliyebanwa na ada ya shule au msiba amezoea kuuza kahawa ikingali maua mtini. Biashara hiyo huitwa butura. Mwenye fedha huzunguka kibanja, yaani shamba la nyumbani, hukadiria magunia ya kahawa ya maganda yatakayopatikana, kisha hutaja bei. Msimu ukifika mavuno ni yake, hata kama bei ya chama cha ushirika imepanda. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, lakini shida haisikii marufuku.

Je, bei aliyoikubali mwenye shida ndiyo thamani ya mali yake? Mei 2011, bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu yenye makao London ilijibu: hapana. Kiwango cha IFRS 13, kilichoanza kutumika Januari 2013, kinasema thamani ya haki ni bei ambayo mali ingeuzwa, au deni lingehamishiwa kwa mwingine, siku ya tathmini, kati ya watu wenye hiari na ufahamu. Mauzo ya kulazimika hayahesabiwi. Tanzania ilikuwa imekwisha kuanza kufuata viwango vya IFRS tangu 2004.

Mthamini huanza na bei ya wazi sokoni ya kitu kilekile. Ikikosekana, hutazama vitu vinavyofanana. Vikikosekana navyo, hukadiria. Kibanja chenye migomba, mibuni na makaburi ya wazee mara nyingi huishia kwenye makadirio, maana si kila mtu anaruhusiwa kukinunua.

Muleba ililijua hilo mapema. Mwaka 1988 mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alipinga, akidai kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Shauri hilo, Ephrahim dhidi ya Pastory, lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hata hivyo, ukoo uliachiwa nafasi ya kukomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mnunuzi anayejua kuwa ardhi inaweza kukombolewa hatoi bei kamili, na mthamini lazima alizingatie hilo.

Kisha Kagera ikakumbwa na tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016. Nyumba ya Buhembe, Bukoba, iliyokuwa dhamana ya mkopo, ukuta ukipasuka, hupoteza thamani papo hapo, ilhali mkopo unabaki uleule.

Kwa benki, upande wa madeni, yaani amana za wateja, haushuki hivyo. IFRS 13 inakataza amana ambayo mteja anaweza kuidai wakati wowote kuthaminiwa chini ya kiasi anachodai. Mali ikishuka na amana zikibaki palepale, kinacholiwa ni mtaji. Januari 4, 2018, Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, ikiwemo Kagera Farmers' Cooperative Bank. Mfilisi akawa Bodi ya Bima ya Amana, na fidia ya bima ikaishia Sh milioni 1.5 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimpasa kusubiri mauzo ya mali za benki, sokoni ambako kila mnunuzi anajua muuzaji hana hiari. Kwa mkulima wa butura, hilo si somo jipya.