Shape Up Somerville

Shape Up Somerville ni mpango wa kijamii wa kuzuia unene wa kupindukia kwa watoto katika mji wa Somerville, jirani na Boston, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts wakiongozwa na Christina Economos, wakishirikiana na shule, serikali ya mji, wazazi na wenye mikahawa. Unajulikana hasa kwa sababu matokeo yake yalipimwa kwa kulinganishwa na miji miwili isiyokuwa na mpango huo.

Shughuli

Walengwa walikuwa wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu. Badala ya kumshauri mtoto mmoja mmoja, mpango ulibadilisha mazingira yake ya siku nzima. Majiko ya shule yaliongeza matunda na mboga, na masomo ya lishe yalifundishwa darasani. Watoto walihimizwa kwenda shule kwa miguu. Mikahawa iliyokubali kuuza chakula bora ilitambuliwa rasmi.

Tathmini

Mtoto mwenye afya njema huongezeka uzito kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha kilo za kabla na baada hakutoshi. Watafiti walitumia BMI, yaani uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Kisha walikokotoa alama Z, inayoonyesha BMI ya mtoto iko mbali kiasi gani na wastani wa watoto wa umri na jinsia yake. Vipimo vya mwaka wa masomo 2003-2004 vilihusu watoto 1,178, wakiwemo 385 wa Somerville. Wengine walitoka katika miji miwili linganishi, ambayo wakazi wake walikuwa na hali ya maisha inayofanana.

Matokeo

Matokeo ya mwaka wa kwanza yalichapishwa mwaka 2007. Alama Z ya watoto wa Somerville ilipungua kwa takriban 0.1 ikilinganishwa na ya miji linganishi. Kwa mtoto mmoja tofauti hiyo ni ndogo, lakini ni wastani unaojumuisha hata watoto wasio wanene. Lengo lilikuwa kuzuia, siyo kutibu.

Mipaka ya tathmini

Mji uliopata mpango ulikuwa mmoja tu, tena haukuchaguliwa kwa bahati nasibu. Huenda mambo mengine ya mji huo yalichangia. Kwa kuwa shughuli zote zilifanyika pamoja, haijulikani ipi ilisaidia zaidi. Vilevile BMI haitofautishi mafuta na misuli. Hata hivyo, bila miji linganishi mpango ungeweza kusifiwa kwa badiliko ambalo lingetokea lenyewe, au kufutwa ilhali unawasaidia watoto.