Ubadilishaji wa fomula za modeli

Ubadilishaji wa fomula za modeli ni kazi ya kuhamisha maelezo ya modeli ya takwimu kutoka mfumo mmoja wa uandishi hadi mwingine, ili programu mbili zikokotoe jambo lilelile. Fomula ya namna hii hufanana na mlinganyo wa hisabati, lakini kwa hakika ni orodha fupi ya athari zinazodhaniwa kukigusa kigeu tegemezi, yaani kile kinachotafutiwa maelezo. G. N. Wilkinson na C. E. Rogers walichapisha kanuni zake mwaka 1973, zikatumika katika Genstat, programu iliyokuzwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kisha zikaingia katika lugha ya S, ambayo lugha ya R iliirithi.

Ugumu hauko kwenye alama ngeni bali kwenye zile zinazofanana. Katika R, fomula mavuno ~ mbegu * mbolea hubeba athari ya mbegu, athari ya mbolea na mwingiliano wao, yaani kiasi ambacho kazi ya mbolea hutofautiana kati ya mbegu moja na nyingine. Katika programu ya SAS kinyota hichohicho hutaja mwingiliano peke yake, na modeli kamili huandikwa mbegu|mbolea, ilhali programu ya Stata hutumia # kwa mwingiliano na ## kwa modeli kamili. Anayenakili kinyota kutoka R hadi SAS haonywi na programu: vigeu vikiwa vya makundi, makadirio ya mavuno hubaki yaleyale ila athari za msingi hutoweka katika jedwali la majaribio ya takwimu; lakini vikiwa vya vipimo endelevu, modeli yenyewe huwa nyingine, na hilo ndilo kosa baya zaidi kwa kuwa majibu yake huonekana ya kawaida.

Kwa hiyo fomula hukunjuliwa kwanza, kila athari ikaandikwa peke yake, ndipo iandikwe upya kwa alama za programu lengwa. Katika R, (a+b+c)^2 hukunjuka kuwa athari tatu za msingi na miingiliano mitatu ya jozi, ambazo SAS huziandika a|b|c@2. Kipeo hapo ni cha athari, si cha namba, hivyo mraba wa kigeu x huhitaji I(x^2) katika R na x*x katika SAS.

Hata fomula iliyobadilishwa sawasawa huweza kutoa vizigeu tofauti, kwani R kwa kawaida hulinganisha makundi na kundi la kwanza, ilhali utaratibu wa GLM wa SAS huyalinganisha na la mwisho. Ulinganisho wa haki ni wa thamani zilizokadiriwa.