Ziwa la Jinja, Taa za Mbita

Mwezi Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, Uganda, pale mto Nile unapotoka ziwani. Maporomoko ya Ripon yalizama, lakini wahandisi hawakuwa na haja ya kuzingira bonde ili wapate akiba ya maji. Nyuma ya ukuta wao kulikuwa na Ziwa Victoria zima, kilomita za mraba 68,800 hivi: betri iliyokwisha kujazwa.

Kenya ikakubali kununua sehemu ya umeme wa bwawa hilo. Mwaka huohuo ikaundwa Kenya Power Company kusafirisha umeme huo, na nyaya zikavutwa kutoka Tororo hadi Nairobi. Nguvu ya ziwa ikaenda kuangaza mji ulio mamia ya kilomita kutoka ufuoni. Wavuvi wa Mbita, Rusinga na Port Victoria, kwenye ufuo wa Kenya, wakabaki na karabai zao, taa za mafuta za kupampu.

Karabai ina kazi yake. Omena, ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda mukene, huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa juu ya vielea na kuachwa majini. Mwanga huvuta wadudu, samaki hufuata, kisha wavu huzungushwa. Mwanga ukififia, mvuvi huinama nje ya mtumbwi kupampu upya, akiomba wimbi lisije likaharibu kile kitambaa laini kinachowaka. Kukicha, bei ya mafuta ya taa hukatwa kwanza. Kinachosalia ndicho hugawanywa.

Ile betri kubwa nayo ilipata misukosuko. Kulikuwa na makubaliano ya tangu ukoloni kwamba maji yatoke Jinja kwa kiasi kilekile ambacho yangetoka bila bwawa. Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kikaanza kazi. Ukame ulipobana mwaka 2004 hadi 2006, maji yaliyofunguliwa yalizidi kiasi hicho, na ziwa likashuka zaidi ya mita moja. Waliopungukiwa na maji upande wa Kisumu hawakuwa wameshika bomba. Kisha mvua zikaja kwa hasira: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha mafuriko ya 1964, na Budalang'i, kwenye ufuo wa Kenya, ikafurika.

Nyanza, eneo la Kenya kando ya ziwa, nayo ilipata mtambo wake wa umeme wa maji, Sondu-Miriu, megawati 60, lakini huo hutegemea mto unaopita na hauna hifadhi kubwa. Mto ukikauka, mashine hupunguza kazi.

Akiba iliyomfikia mvuvi ilitoka kwingine. Mwaka 2008 kampuni ya Ujerumani, Osram, ilifungua Mbita kituo chenye paneli za sola. Mvuvi aliacha amana, akachukua taa yenye betri iliyojaa, akairudisha ili ichajiwe tena. Hakuuziwa paneli asiyoimudu. Alilipia mwanga aliokuwa tayari akiulipia kwa mafuta.

Shida ya biashara hiyo ni mwezi. Ukiwa mpevu, omena hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi hupumzika, na betri hukosa wateja. Ndiyo maana kuchaji simu na kuuza maji safi si mambo ya pembeni kwa vituo vya aina hii, na ndiyo maana WeTu, kampuni iliyozaliwa na kazi ya Siemens Stiftung katika ufuo huo, imeingia pia kwenye pikipiki za umeme, ambazo hubeba abiria mwezi ukiwaka au usiwake.