Ndege Iliyobeba Marais Wawili

Wasikilizaji na wasomaji wetu, twaanza mazungumzo haya kwa ramani. Mtu akitwaa ramani ya Afrika ya Mashariki, akaweka rula kutoka Dar es Salaam hata Kigali, mji mkuu wa Rwanda, ataona ya kuwa mstari anaoupiga wapita karibu sana na Biharamulo, kisha karibu na Ngara, ndipo uvukapo mto Kagera. Sisi tukaao Bugarama na vijiji vya pande hizi tu kando ya mstari huo. Urefu wake ni kilomita 1,100 na kitu: safari ya majuma kwa miguu, bali kwa ndege haifiki saa mbili.

Zamani wafalme wa Rwanda na Burundi walichukuliwa kwa machela mabegani mwa watu. Siku hizi mkuu wa nchi ana ndege iliyowekwa kwa kazi yake, na marubani wake maalumu. Ndege hiyo ni kama baraza la serikali lililopewa mabawa, kwa maana ndani yake hukaa rais, na waziri, na mkuu wa majeshi, na watunza siri. Ikianguka, nchi hupoteza wengi wa viongozi wake kwa dakika moja. Mwaka 1986, tarehe 19 Oktoba, Rais Samora Machel wa Msumbiji alikufa hivyo, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika ya Kusini. Lakini ndege tunayotaka kuieleza leo ni ile ambayo habari yake ilifika mpaka katika wilaya zetu.

Tarehe 6 Aprili 1994, wakuu wa nchi jirani walikutana Dar es Salaam kwa mwaliko wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Walizungumza juu ya amani ya Burundi na ya Rwanda. Rwanda ilikuwa imetia sahihi mkataba wa amani mjini Arusha mwezi wa Agosti 1993, lakini serikali ya pamoja iliyoahidiwa ilikuwa haijaundwa. Burundi nayo ilikuwa na majonzi, kwani Rais Melchior Ndadaye aliuawa na askari mwezi wa Oktoba 1993, na Cyprien Ntaryamira, aliyeshika mahali pake, alikuwa na miezi miwili tu katika cheo.

Mkutano ulipokwisha ilikuwa jioni. Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda alikuwa na ndege iliyotolewa na serikali ya Ufaransa, aina ya Falcon 50, yenye injini tatu, iendayo kasi, na marubani wake walikuwa Wafaransa. Rais Ntaryamira alipanda pamoja naye, akiwa na mawaziri wake wawili. Basi ndege moja ikabeba marais wawili, na mkuu wa majeshi ya Rwanda, na wengine. Jumla yao watu 12.

Yapata saa mbili na nusu ya usiku kwa saa za Kigali, ambapo kwetu Ngara ni saa tatu na nusu, ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Kanombe. Ikapigwa kombora kutoka chini, ikawaka moto, ikaanguka penye bustani ya nyumba ya Rais Habyarimana mwenyewe. Hakupona hata mmoja.

Katika muda mfupi, vizuizi viliwekwa katika barabara za Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, akauawa, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa na Umoja wa Mataifa wakauawa pia. Ndipo yakaenea mauaji ya kimbari juu ya Watutsi, pamoja na mauaji ya Wahutu waliokataa uovu huo. Kwa siku 100 hivi watu waliuawa majumbani, barabarani na makanisani. Umoja wa Mataifa umetaja hesabu ya zaidi ya watu 800,000. Serikali ya Rwanda yahesabu zaidi ya 1,000,000.

Watu wengi husema, “Yote yaliletwa na ndege ile.” Wasomaji, neno hili tulipime vizuri, maana ndege ile ilibeba marais wawili wala si mmoja. Burundi nayo ilipoteza rais wake usiku uo huo, kwa moto uo huo, na Burundi nayo ina Wahutu na Watutsi. Tena ilikuwa imekwisha kumwaga damu nyingi tangu Oktoba 1993. Je, nini kilitokea huko? Sylvestre Ntibantunganya, spika wa bunge, alijitokeza mbele ya wananchi pamoja na waziri wa ulinzi na mkuu wa majeshi, akawasihi watu watulie. Ni kweli ya kuwa vita ya Burundi haikukoma, ikaendelea kwa miaka mingi. Lakini usiku ule Burundi haikuwaka kama Rwanda.

Kama ndege ndiyo sababu, mbona nchi mbili zilizofiwa pamoja hazikupata mambo sawasawa? Jibu ni kwamba Rwanda kuni zilikuwa zimekwisha kukusanywa. Vijana wa Interahamwe walikuwa wamefundishwa kuua, silaha zilikuwa zimefichwa, na mwezi wa Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa askari wa Umoja wa Mataifa, alipeleka New York onyo juu ya silaha hizo. Radio iliyoitwa RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa ikiwaita Watutsi mende. Mtu haiti jirani yake mdudu ila amekwisha kujitayarisha kumkanyaga. Ndege ilikuwa kijinga cha moto tu. Na kijinga kikianguka penye majani mabichi huzimika.

Sasa tazameni jinsi habari ilivyofika kwetu. Mto Kagera ulileta maiti, ukazipitisha chini ya daraja la Rusumo hata Ziwa Viktoria, na watu wa Uganda wakazizika zilipofika pwani. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile wakaingia wilaya ya Ngara, wakipiga kambi Benaco. Walikuwa wakikimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yakikaribia. Kati yao walikuwamo wazee na watoto wasio na hatia. Walikuwamo pia wauaji wenye damu mikononi. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo ng'ambo ya mto, alivuka pamoja nao. Alikamatwa Tanzania mwaka 2001, na mwaka 2004 mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 2003, iliwahukumu wakuu wa RTLM kwa maneno yao. Hivyo tumejifunza ya kuwa neno lisemwalo katika radio huhesabiwa pamoja na panga.

Nani aliyeipiga ndege? Wachunguzi wameshindana. Mwaka 2006 hakimu mmoja wa Ufaransa aliwashitaki watu wa RPF. Mwaka 2010 tume ya Rwanda ikasema ni askari wenye siasa kali wa jeshi la Habyarimana mwenyewe. Mwaka 2012 wataalamu waliotumwa na mahakimu wa Ufaransa walipima njia ya kombora, wakaona ya kuwa yaelekea sana lilitoka upande wa kambi ya Kanombe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi hilo. Mwaka 2018 mahakimu wa Ufaransa wakaifunga kesi bila ya kumshitaki mtu. Ni haki ya wafiwa kuulizia jambo hili. Lakini lolote litakalojulikana, halitampunguzia hatia yake mtu aliyemwua jirani yake.

Wasikilizaji wetu, serikali zaweza kujifunza kutowapakia wakuu wengi katika chombo kimoja, na hilo ni jema. Lakini fundisho letu wanavijiji ni lingine. Hatuna amri juu ya ndege zipitazo juu ya mapaa yetu, wala hatujui ni nani aliyemo. Tuna amri juu ya ndimi zetu, na juu ya majina tunayowaitia jirani zetu kisimani na sokoni. Hayo tukiyatunza, hata siku ya msiba mkuu tutaomboleza pamoja, kisha tutazika, na asubuhi yake tutakwenda shambani.