Kanga Mbili za Kigoma

Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, sehemu kubwa ya mizigo ya wapagazi wao ilikuwa nguo: merikani iliyofumwa Marekani, kaniki ya buluu kutoka India. Kwa nguo msafara ulinunua mtama, ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, uliajiri watu. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti, na kila mwenyeji wa njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji alikijua kipimo hicho. Wanawake nao walikuwemo misafarani. Walipika, walibeba vyungu na watoto, na wengine walijifungua njiani, mbali na mama na shangazi zao.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikafifia. Nguo haikufifia. Kanga, iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilipanda bara kwa njia ileile na mpaka leo inauzwa kwa doti. Mwanamke wa Kigoma huivaa, humbebea mtoto, hujitandikia siku ya uchungu. Miaka ishirini na ushee iliyopita kanga hiyohiyo ilifanywa kifaa cha tiba, na habari hiyo inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana.

Tuanze na daktari. Katika miaka ya 1980 Godfrey Mbaruku alikuwa daktari wa uzazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma. Kina mama walikuwa wakifa pale kwa kiwango cha kutisha: vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Mbaruku hakusubiri msaada wa mabilioni. Alikaa na wenzake wakachunguza kila kifo, wakaona mengi yalikuwa ndani ya uwezo wao, wakapanga hatua 22 za kutekeleza kwa kutumia kilichopo: dawa zisikosekane, vifaa vibovu vitengenezwe, damu ipatikane, wahudumu wawajibike. Kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186. Yeye na Staffan Bergström wa Sweden walichapisha matokeo hayo mwaka 1995, na mpaka leo nayahesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za udaktari zilizofanyika nchini mwetu, kwa sababu yalianzia kwenye aibu ya watu wenyewe kuona wagonjwa wao wakifa.

Lakini hospitali humsaidia anayefika. Vijijini wengi walijifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi, na hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kutokwa damu baada ya mtoto kuzaliwa. Mji wa mimba usipokaza baada ya kondo kutoka, mishipa hubaki wazi, na mama aliyekuwa akizungumza anaweza kufa ndani ya saa mbili. Dawa ya kuukaza, oksitosini, huchomwa kwa sindano na hutakiwa kutunzwa kwenye baridi. Kijiji kisicho na umeme kitaiweka wapi?

Palikuwa na dawa nyingine. Misoprostoli ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Ni kidonge, haidai jokofu, bei yake ni ndogo, na hukaza mji wa mimba. Kilichokosekana ni mtu wa kugharamia swali: je, mkunga asiye na cheti anaweza kuitumia kwa usalama nyumbani kwa mzazi? Kiwanda hakioni faida ya kulijibu swali hilo, maana wateja ni maskini na dawa ni rahisi. Hapo ndipo lilipoingia shirika dogo lisilo la faida la California, Venture Strategies for Health and Development, lililoanzishwa na Martha Campbell. Campbell, Ndola Prata, daktari mzaliwa wa Angola, na Malcolm Potts wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliungana na Mbaruku kufanya utafiti Kigoma.

Kidonge kilikuwepo. Shida ilikuwa kujua wakati wa kukitoa. Kitabuni, damu ikizidi mililita 500 ni hatari. Ila damu iliyomwagika kwenye mkeka, chini ya taa ya kibatari, haina mistari ya vipimo, na hata madaktari wakikadiria kwa macho huona pungufu. Watafiti wakatazama kile ambacho wakunga walikuwa tayari wanakitumia kufyonzea damu. Kanga ya Tanzania ilikuwa na ukubwa mmoja unaojulikana, karibu mita moja kwa mita moja na nusu. Ikaonekana kwamba kanga mbili zikilowa chapachapa zimebeba zaidi kidogo ya mililita 500. Basi mkunga akafundishwa: ya kwanza ikilowa, weka ya pili, ya pili ikilowa, toa dawa. Mikrogramu 1,000, yaani vidonge vitano vya 200, kwa njia ya haja kubwa. Katika eneo la kulinganishia, mkunga alitakiwa kumpeleka mama kituoni kama kawaida.

Matokeo yalitoka mwaka 2005. Upande wa dawa walikuwa wanawake 454, na 111 kati yao walitokwa na damu kupita kiasi. Chini ya asilimia 2 ya hao walihitaji rufaa. Upande wa pili walikuwa 395, waliovuja damu 73, na asilimia 19 ya hao 73 walipewa rufaa. Maeneo mawili hayakupangwa kwa kura, kwa hiyo ushahidi huu una mipaka yake. Hata hivyo ulitosha kuvunja hoja kwamba mwanamke wa kijijini asiye na shahada hawezi kukabidhiwa dawa ya kuokoa maisha.

Ubishi uliendelea. Wengine waliogopa kwamba kumpa mkunga kidonge kutawazuia wazazi wasiende zahanati. Wengine waliichukia dawa kwa sababu inaweza pia kutoa mimba. Venture Strategies likaendelea na kazi isiyopigiwa makofi: kusukuma makaratasi ya usajili, pamoja na watengenezaji wa dawa za bei nafuu. Nigeria iliisajili kwa ajili ya damu ya uzazi mwaka 2006, Tanzania ikafuata, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa kuzuia tatizo hilo. Kigoma kwenyewe, tangu 2006, fedha za Bloomberg Philanthropies zilijenga vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya, na madaktari wasaidizi wakafundishwa kupasua.

Kipimo nacho kilisonga mbele. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililogharamiwa na mfuko wa Gates na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari unaokinga damu, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja mara tatizo lilipoonekana. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Waliogunduliwa mapema walikuwa asilimia 93, wakati penye kukadiria kwa macho walikuwa 51. Wakunga wa Kigoma walikuwa wamelijua hilo mapema: kupima ni nusu ya tiba.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani na vyama vya kimataifa vya madaktari wa uzazi na wakunga walishauri kwamba tiba isisubiri mililita 500: damu ikifika 300 na mapigo ya moyo au presha yakionyesha dalili mbaya, ianze. Kwa mkunga anayehesabu kwa kanga, maana yake ni kwamba mama mwenye dalili hizo atatibiwa ya kwanza ikishalowa, ya pili ikiwa ndiyo kwanza inaanza kushika damu.